Vumbi Kwanza, Kitambaa Baadaye

Leo nasema na wewe mwenye gari, na wewe dereva uliyekabidhiwa gari la watu, na nasema zaidi na wewe kijana ambaye kuosha magari ndiyo kazi inayokulisha. Jambo lenyewe ni mikwaruzo.

Sisemi ule mkwaruzo wa bodaboda aliyejipenyeza kwenye foleni ya Ubungo, wala ule wa nguzo ya geti uliporudi nyuma bila kuangalia. Huo unaujua siku yake na saa yake. Nasema ile midogo midogo isiyohesabika, ambayo hakuna anayeiona ikiingia. Gari linashushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa limekwisha kutumika Japani miaka kadhaa, na bado rangi inang'aa kiasi cha kujitazama. Likikaa kwetu miaka miwili, boneti inaingia ukungu, na kama gari ni jeusi, weusi wake unageuka kijivu. Mwenyewe anasema jua la huku kali, rangi imezeeka. Jua lina makosa yake, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya ukungu ule imeletwa na mkono uliokuwa ukilisafisha gari, na kilicholetwa na mkono, mkono unaweza kukizuia.

Kama unaona nazidisha, toka nje saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo, usimame mahali ambapo mwanga wake unarudi kutoka kwenye boneti au mlango. Usilikodolee macho lile jua lililo kwenye rangi, litakuumiza. Tazama pembeni yake. Utaona mistari myembamba imejipanga kuuzunguka ule mng'ao, duara ndani ya duara. Sogea hatua moja, na duara zinasogea nawe. Hapo utatambua kwamba si lazima mtu awe amesugua kwa kuzungusha mkono. Mistari imelala kila upande, bodi nzima, ila kutoka pale uliposimama mwanga unaiwasha ile tu iliyokaa mkabala nao. Usiku, tochi ya simu itakuonyesha jambo hilo hilo.

Sasa tuangalie ni nini hasa kinachokwaruzwa. Gari lina bati. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi, na juu ya rangi kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu wanaliita klia. Tangu miaka ya 1980 utaratibu huo umeenea viwandani, na magari mengi tunayoendesha leo yametengenezwa hivyo. Mng'ao unaousifia ni wa klia, na klia ndiyo inayoikinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50. Mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele mmoja wa kichwani una mikroni 70 hivi. Maana yake ngao yote ya gari lako, uliyoilipia mamilioni, ni nyembamba kuliko unywele, na kwa asili yake ni plastiki.

Halafu kuna chenye kukwaruza. Vumbi letu limebeba chembe za mchanga, na madini yaliyo mengi katika mchanga wa kawaida ni kwatzi. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, almasi ndiyo 10 na kwatzi ni 7. Kioo cha dirisha kinaangukia 5 na nusu hivi. Chembe inayokishinda kioo haiwezi kushindwa na klia. Iweke chembe hiyo ndani ya kitambaa, uikandamize kwa kiganja, uivute kutoka kwenye taa hadi kioo cha mbele: umelipiga gari msasa. Watu hubishana kuhusu sabuni gani ni kali na kitambaa gani ni laini, na mjadala huo una nafasi yake, lakini mharibifu mkuu ni ile chembe iliyokaa katikati ya kitambaa na rangi.

Ndiyo maana tendo linaloniuma kuliko yote ni lile la alfajiri, linalofanywa kwa nia njema kabisa. Gari limelala nje, limeshika vumbi la usiku. Dereva anatoa kitambaa chini ya kiti, kile kile cha jana na juzi, anakikung'uta mara mbili, anaanza kulifuta gari likiwa kavu: boneti, paa, milango, buti. Dakika tano gari linameremeta, bosi anatoka ndani anaridhika. Lakini hapakuwa na maji ya kuzilainishia chembe njia, wala povu la kuzibeba. Kila chembe iliyokuwa imejilalia juu ya rangi bila madhara ilikokotwa kutoka mwanzo wa bodi hadi mwisho, siku tano au sita za wiki. Dodoma wakati wa kiangazi, au Karatu kwenye ule udongo mwekundu, gari linalofutwa hivyo halimalizi mwaka likiwa na sura yake. Nawasihi ndugu zangu madereva, kama vumbi ni la usiku mmoja na maji hakuna, liacheni lilale. Vumbi lililotulia halikwaruzi kitu. Futeni vioo na taa, muone njia, muondoke. Na wakubwa wa ofisi, msimgombeze dereva kwa vumbi la usiku mmoja, maana ninyi ndio mnaomsukuma kukichukua kile kitambaa.

Siku ya kuosha ikifika, shabaha ni moja: mchanga uondoke kwa wingi kabla mkono haujagusa bodi. Anza na maji matupu. Mwenye mpira wa maji aanzie kwenye paa ateremke, taratibu, aache maji yapite kila mahali hadi yanayodondoka chini yatoke meupe. Mwenye mashine ya kusukuma maji asiibandike karibu na rangi. Akae umbali wa kama mkono mmoja, kwa sababu mkondo mkali ukikuta rangi iliyobanduka kidogo huinyanyua kabisa. Sisi wengine tusio na mpira wala mashine tuna dumu na kopo, na yanatosha. Madumu matatu ya lita 20 yanaosha gari dogo vizuri kama yatagawanywa kwa akili: moja la kumwagia mwanzo, la pili unaligawa kwenye ndoo mbili, la tatu la kusuuzia. Maji ya mwanzo usiyarushe yote kwa mkupuo. Mimina, subiri dakika mbili tatu udongo ulowe, mimina tena. Tope lililokauka nyuma ya matairi na chini ya milango linataka kulowekwa, na atakayelisugua likiwa bado gumu ataiona alama yake ikishakauka.

Kuna kifaa kimoja cha bei nafuu ambacho natamani kila anayeosha magari awe nacho. Ni bomba dogo la mkono la kunyunyizia, lile la lita mbili hadi tano ambalo maduka ya pembejeo huwauzia wenye bustani. Liwe jipya, lisiwe limewahi kutiwa dawa ya mimea. Tia maji na shampuu ya gari kidogo, jaza upepo, nyunyizia bodi nzima, kisha acha povu lifanye kazi dakika chache bila kukauka. Utayaona maji ya kahawia yakichuruzika yenyewe kutoka kwenye paa kuja madirishani. Kila tone la kahawia linaloanguka chini ni mchanga ambao hautapita tena chini ya kitambaa.

Sasa ndoo mbili, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, msikilizaji, kwa sababu hili ndilo watu wanaloliruka. Ndoo ya kwanza ina maji na shampuu. Ya pili ina maji matupu. Chovya kitambaa kwenye shampuu, osha sehemu moja, tuseme nusu ya paa. Usirudi kwenye shampuu moja kwa moja. Nenda kwenye ndoo ya pili, kisuuze, kikamue, ndipo urudi kwenye shampuu. Mchanga unabaki katika ndoo ya pili na shampuu inabaki safi. Ukitumia ndoo moja, unautoa mchanga kwenye mlango, unautia ndani ya ndoo, kisha unaupaka kwenye boneti. Wanaofanya kazi hii kwa ustadi huweka kichungio cha plastiki chini ya ndoo ili mchanga uzame na usitibuliwe. Kikapu kidogo cha plastiki chenye matundu, kikifudikizwa ndani ya ndoo, kinafanya kazi hiyo vizuri. Chungulia chini yake ukimaliza kuosha. Utakuta kitabaka cha mchanga ambacho, kwa ndoo moja, kingebaki kikizunguka juu ya gari.

Kuhusu cha kuoshea, sponji ya kawaida siipendi. Uso wake ni bapa, na chembe ikinaswa haina pa kwenda. Inabanwa kati ya sponji na rangi na kusafiri nayo. Fulana kuukuu ina mishono na pindo, na nyingine bado ina kifungo. Glavu ya manyoya au kitambaa cha maikrofaiba chenye nyuzi ndefu ni bora, kwa kuwa chembe huzama katikati ya nyuzi, mbali na rangi, hadi utakapoisuuza. Kata lebo kabla ya kuanza, maana kona ya lebo ni ngumu. Usikandamize, uzito wa kitambaa kilicholowa maji unatosha. Vuta mkono kwa mstari ulionyooka, kutoka mbele kwenda nyuma. Hata chembe moja ikikuponyoka, mkwaruzo mmoja ulionyooka huonekana kwa shida, tena ukitazamwa kutoka upande fulani tu. Anza juu kwenye paa na vioo, shuka boneti na buti, kisha nusu ya juu ya milango. Sehemu ya chini ya milango na bampa ya nyuma ziwe za mwisho, kwa sababu ndiko barabara inakorushia kila kitu.

Na magurudumu yawe na ndoo yake, brashi yake na kitambaa chake, visivyokutana na bodi hata siku moja. Ule weusi unaoshika kwenye rimu za mbele ni vumbi la breki, na ndani yake mna vipande vidogo sana vya chuma vilivyochongwa kutoka kwenye diski. Nimeona kitambaa kikitoka kwenye rimu kikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Hapo hata ndoo kumi hazisaidii.

Nilisimama hivi karibuni kwenye sehemu moja ya kuoshea magari pembeni ya barabara, nikitazama. Kijana alikuwa hodari, mwepesi wa mikono, ila ndoo yake ilikuwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nibadilishie maji kabla hujafika kwenye boneti." Akanijibu kwa heshima kabisa, "Sawa dada, nabadilisha, ila maji haya tunanunua kwa dumu. Nikibadilisha kila gari, jioni sibaki na kitu." Alikuwa anasema kweli. Wengi wao wanalipwa kwa gari, na kutokana na hiyo hiyo wanatoa ya mwenye eneo, ya maji na ya sabuni. Anayekawia kwenye gari moja anapoteza jingine. Sisi tunashindana naye hadi shilingi ya mwisho, tunamwambia afanye haraka tuna safari, halafu miaka miwili baadaye tunampelekea fundi wa rangi mamia ya maelfu. Ongeza bei ya dumu moja juu ya malipo yake, umwambie waziwazi kwamba ni ya maji ya pili. Nunua kitambaa chako mwenyewe, kikae kwenye buti ndani ya mfuko safi, umpe atumie hicho. Mweleze sababu pia, kwa sababu kijana aliyeelezwa sababu ataosha gari la mteja anayefuata kwa namna hiyo hiyo.

Wako wanaopeleka magari mtoni, au kuchota maji ya mto na kuoshea ukingoni. Hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira, na povu lenye oili ni uharibifu. Maji yale yenyewe yamebeba mchanga. Unayamwaga kwenye gari ukidhani unasuuza, kumbe unaongeza.

Sabuni ya unga niiseme kwa kifupi. Haitaibabua rangi kwa siku moja, lakini huondoa nta iliyopakwa, na punje ambayo haijayeyuka hupita juu ya klia ikiwa ngumu. Sabuni ya vyombo nayo huondoa nta. Kama huna shampuu ya gari, heri maji mengi na sabuni ya maji kidogo sana, iliyokorogwa vizuri.

Osha asubuhi mapema au alasiri, kivulini, boneti ikiwa imepoa. Ukiosha saa saba mchana povu linakauka likiwa bado linataka kusuuzwa, na utashawishika kulifuta. Kwa walio Dar es Salaam na sehemu nyingine za pwani kuna tatizo la maji ya kisima. Mengi yana chumvi na chokaa, na tone likikauka juani linaacha duara jeupe. Yatumie kuoshea ukipenda, lakini suuza kwa maji baridi ya mvua au ya bomba kama unayapata, na ukaushe mara moja. Duara jeupe likishashika usilikwangue kwa ukucha. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiweke juu yake kwa dakika moja, kisha suuza sana.

Kukausha ni hatua nyingine inayokwaruza, kwa kuwa mtu amekwisha kuridhika kwamba gari ni safi na mkono unaanza kukandamiza. Mwaga maji ya mwisho bila nguvu, kutoka juu, yateremke kama shuka moja. Yataondoka na matone mengi. Kisha tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti na ulipigepige kwa kiganja, linywe maji, ulinyanyue. Likianguka chini, hata kwenye saruji iliyofagiwa, kazi yake kwa siku hiyo imekwisha. Liweke pembeni hadi lifuliwe, peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huzipaka nyuzi utando zikashindwa kunywa maji. Lianike kwenye kamba, si juu ya majani wala ukuta wa matofali.

Bado kuna kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavuka, wakaenea pwani yote, na gari lililoegeshwa chini ya mwembe linawajua. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na ndani yake mna punje ngumu za alichokula. Klia ikipata joto hulainika na kutanuka. Jioni ikipoa inajikaza kulifuata umbo la kinyesi kilichokauka, na alama inabaki hata ukikitoa. Kwa hiyo kisilale na jua la mchana likikipiga, lakini pia kisikwanguliwe. Mwagia maji, kifunike kwa kitambaa kilicholowa dakika tano, kisha kinyanyue kwenda juu bila kuburuta. Utomvu wa mti na lami vinataka subira hiyo hiyo: lami ilainishwe kwa mafuta ya kupikia kidogo, halafu paoshwe kwa shampuu.

Utaniuliza, na gari langu lililokwisha kujaa duara hizo? Linaweza kupigwa polishi likang'aa tena. Ila elewa fundi anachofanya. Mkwaruzo ni bonde dogo ndani ya klia, na polishi haijazi bonde. Inachonga kingo zake hadi uso uwe sawa. Kila mara ile klia ya mikroni 40 inapungua. Zile boneti unazoziona barabarani zimebabuka vipande vyeupe, nyingi ni klia iliyoisha nguvu kwa jua, na kuchongwa mara kwa mara huiharakisha safari hiyo. Kwa hiyo usikubali mashine ipite gari zima kila Idi na kila Krismasi. Ukifika gereji, mwombe fundi ajaribu kwanza sehemu ndogo ya buti kwa polishi laini kabisa aliyo nayo, mtoke nayo juani mkaitazame pamoja. Duara zikiwa zimefifia kiasi cha kuridhisha, aendelee na hiyo hiyo laini, asiguse ile kali, na mikwaruzo michache iliyozama sana aiache ilivyo.